Doa la Chumba cha Nyuma

Doa lilionekana Jumapili ya tarehe tano Julai, mwaka 1998, kiasi cha shubiri moja juu ya sakafu, ukutani mwa chumba cha nyuma. Nereah alikuwa amepiga magoti akifagia chini ya kitanda kipya ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekilalia. Aliligusa, lilikuwa baridi. Akaenda kwenye droo ya cherehani, akachukua penseli, akalizungushia doa mstari mwembamba na kuandika tarehe pembeni. Kisha akaendelea kufagia.

Ndivyo alivyofundishwa. Kwa miaka sita alikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya Diani, kabla wageni hawajaadimika na hoteli kufungwa, na kanuni yake ya kwanza kazini ilikuwa kwamba mtu hagombani na doa asilolijua. Kwanza hulipima. Huliachia siku saba. Kisha hulipima tena.

Hakumwambia mumewe. Johnstone alikuwa sebuleni akipigilia misumari kwenye fremu ya dirisha huku akiimba wimbo wa kanisani, na alikuwa na furaha ambayo Nereah aliiona kama mtu anavyoona taa ya nyumba ya mbali: anajua inawaka, lakini haimpi joto.

Walikuwa wamepatana. Agosti ya mwaka uliotangulia, watu wa bara walipofukuzwa na nyumba zao kutiwa moto, paa la makuti la chumba cha nyuma liliungua likaangukia kitanda cha binti yao, Eddah, dakika chache baada ya Nereah kumbeba mgongoni na kukimbia. Walikwenda kwao Ugenya, kwa mama yake Johnstone. Januari Johnstone alirudi Ukunda peke yake, kwa sababu hoteli alimokuwa fundi wa umeme ilikuwa bado imefungua milango. Aliezeka mabati. Alifukia weusi wa moto kwa plasta. Mwezi wa Mei alikwenda bara kumchukua mkewe, na mkewe akamwekea sharti mbele ya mama mkwe.

"Chumba cha mtoto kikikamilika kabla ya Desemba," alisema Nereah, "kikawa chumba cha mtu kulala, Eddah atarudi aanze darasa la pili Ukunda. Kisipokamilika, mimi nitapanda basi nirudi hapa, na wewe utakuwa mume wa likizo."

"Chumba tu?" Johnstone aliuliza.

"Chumba tu."

Alichagua chumba kwa sababu chumba hupimika. Hofu hakuweza kuipima; na tangu Agosti hata hofu yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na mikono, macho, ratiba ya siku na hamu kidogo ya chai. Mengine yalikuwa yamekufa ganzi kama mguu uliokaliwa.

Johnstone aliutaja mchanga wake kila alipopata msikilizaji. Aliubeba kwa baiskeli kutoka ufukweni mbele ya hoteli, magunia kumi na manane, kila jioni akitoka kazini, kuanzia Februari hadi Machi.

"Mama Eddah, angalia hii plasta ilivyo nyeupe," alisema siku Nereah aliporudi, akiupapasa ukuta kama mtu anayeuza ng'ombe. "Wazungu wanakaa kwa ndege masaa nane ndio waje walalie huu mchanga. Sisi Eddah wetu tumemwekea mpaka kwa ukuta."

"Umefanya vizuri," Nereah alisema, na kwa kadiri alivyojua, ilikuwa kweli. Kwao Ugenya mchanga ulitoka mtoni, na mchanga ulikuwa mchanga.

Juni walipaka rangi ya samawati. Julai doa likaja.

Jumapili ya tarehe kumi na mbili lilikuwa limevuka mstari kwa upana wa vidole viwili. Nereah alichora mstari wa pili. Tarehe kumi na tisa, wa tatu. Kufikia mwisho wa Agosti mistari ilikuwa tisa, mmoja ndani ya mwingine, na rangi iliyo katikati ilikuwa imefura malengelenge. Lengelenge moja lilipopasuka lilimwaga unga mweupe. Nereah aliutia kwenye ncha ya kidole, akaulamba.

Chumvi.

Hakujua imetoka wapi, lakini sasa alijua doa ni la nini, na hilo lilikuwa afadhali. Jioni ile alimwonyesha mumewe. Johnstone alichuchumaa, akatazama ile mistari na zile tarehe.

"Tangu Julai?"

"Tangu tarehe tano."

"Na umenyamaza?"

"Nilikuwa napima."

Johnstone alikwaruza malengelenge kwa kisu, akapaka rangi upya penye malengelenge tu, akaiacha mistari. Baada ya wiki mbili yalikuwa yamerudi.

Na katika muda huohuo, kila Jumapili baada ya kanisa, Johnstone alimtembeza. Alikuwa amenakili orodha ya safari za wageni iliyobandikwa mapokezi, na aliifuata kwa uaminifu. "Mtu akikaa mahali bila kupatembea ni mpangaji tu," alisema. "Lazima upajue, ndio pakujue." Walikwenda Tiwi wakala samaki wa kuchoma. Walikwenda Msambweni, wakakaa saa nzima juu ya mwamba ulio juu ya bahari, na Nereah akahesabu nguo zilizoanikwa katika ua wa chini yake: mashuka manne, kanga sita, kanzu moja. Walikwenda hadi Lunga Lunga, wakatazama malori yaliyopanga foleni mpakani, na Johnstone akamnunulia jozi ya kanga kutoka ng'ambo, rangi ya zambarau. Alishukuru. Aliikunja, akaiweka kabatini juu ya nyingine.

"Uliipenda?" Johnstone aliuliza njiani.

"Pamba yake ni nzito. Haitachuja."

"Nimeuliza kama uliipenda."

Nereah alifikiri, kwa sababu swali la haki linastahili jibu la haki. "Sijui, Baba Eddah. Nikijua nitakuambia."

Mumewe alicheka kidogo, bila furaha, akamshika mkono. Nereah aliuacha mkono ulipo.

Shimba Hills walifika Jumapili ya tarehe nne Oktoba. Gari la hoteli lilikuwa na wageni wawili tu, mume na mke wa Uswisi, wazee, na dereva aliwapa Johnstone na mkewe viti vya nyuma. Juu milimani kulikuwa na ubaridi. Waliwaona palahala, wale swala weusi wakubwa ambao pembe zao hupinda nyuma kama upanga, wakisimama katika majani mafupi bila kuogopa gari. Mama wa Kizungu alimgeukia Nereah akampa darubini yake.

"Nzuri?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha wiki mbili.

"Nzuri," Nereah alijibu. Aliwahesabu. Walikuwa kumi na mmoja, mmoja akichechemea.

Wakati wa kurudi, dereva hakushika njia ya Ukunda moja kwa moja. Aliingia Waa kwanza, kuchukua nazi za jikoni. Johnstone alishuka kumsaidia kubeba. Nereah naye alishuka kunyoosha miguu, na hapo, kando ya duka lililokuwa likijengwa, alimwona fundi mmoja akichekecha mchanga. Ulikuwa mchanga wa rangi ya udongo, wa kahawia, mbaya wa kutazama. Ukuta aliokwisha kuupiga plasta ulikuwa wa rangi ileile. Nereah aliweka kiganja juu yake. Ulikuwa mkavu kama mkate wa jana.

"Habari za mchana, fundi?"

"Njema, mama. Karibu. Wataka duka ama wataka fundi?" Mwanamume yule, ambaye aliitwa Randu, aliweka chekeche chini, mwenye furaha ya kupata sababu ya kupumzika.

"Nauliza tu. Mchanga huu mnautoa wapi?"

"Hapo nyuma, shambani. Twachimba."

"Na ule wa pwani? Si uko karibu, tena ni mweupe?"

Randu alicheka hadi akashika kiuno. "Wa pwani ni wa kulalia, mama, si wa kujengea! Una chumvi ule. Na chumvi haijui kunyamaza. Utapaka rangi leo, kesho yatoka ukutani yakuamkia, 'Shikamoo, mwenye nyumba!'"

"Na mtu akiwa ameshautumia?"

"Aubandue." Kicheko kilikuwa kimekwisha; sasa alizungumza kama fundi. "Wote, mpaka kwenye jiwe. Kisha alioshe jiwe kwa maji matamu, aliache wazi. Mvua mbili zipite, likauke. Ndipo apige plasta upya."

"Mvua mbili."

"Za vuli hizi zijazo, na za masika. Akiharakisha, ataubandua tena."

Nereah aligeuka. Johnstone alikuwa nyuma yake, nazi mbili katika kila mkono, na ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa amesikia.

"Nani tena aliyefanya hivyo?" Randu alimuuliza.

"Jamaa mmoja tu," Johnstone alisema. "Wa bara."

"Ah. Basi si kosa lake, wa bara atajuaje?" Randu alichukua chekeche lake. "Lakini hakuwa na jirani wa kumwambia?"

Kutoka Waa hadi Ukunda Johnstone aliegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Wageni walidhani ni uchovu.

Nyumbani Johnstone alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akaketi kwenye kitanda cha binti yake. Kilipiga kelele, kwa kuwa maplastiki ya dukani yalikuwa bado hayajatolewa kwenye godoro.

"Nitaweka kabati hapo," alisema.

"Kabati litaoza mgongo."

"Nitapaka rangi ya mafuta."

"Doa limefika sentimita sitini na tatu, Baba Eddah. Na kuna jingine linaanza pale, karibu na mlango."

Johnstone alitazama mlango. Aliangalia viganja vyake. "Magunia kumi na manane," alisema.

Nereah alijua kwamba hapo mke angemwekea mumewe mkono begani, akamwekea. Alikuwa akifikiri juu ya jambo jingine. Alikuwa akifikiri juu ya swali la fundi.

Kwa sababu jirani alikuwepo. Nyumba ya Bi Mwanatumu ilikuwa upande wa pili wa ua, na kila gunia kati ya yale kumi na manane lilipita mbele ya kibaraza chake. Tena marehemu mumewe alikuwa mwashi. Nusu ya visima vya mtaa ule alivijenga yeye. Kabla ya Agosti, Eddah alikuwa akishinda kwake na kurudi na hina mikononi. Tangu Mei, Nereah na Bi Mwanatumu walikuwa wamesalimiana kwa vichwa tu, kwa mbali, kama watu wa vituo viwili tofauti vya basi.

Kulikuwa na sababu, na Nereah aliijua kwa usahihi. Siku ile ya moto, alipokimbia na mtoto mgongoni, alipita mbele ya mlango wa Bi Mwanatumu. Ulikuwa wazi kidogo. Alipoukaribia, ulifungwa, na akasikia komeo likiingia.

Alitoka nje. Kutoka mlango wake hadi kwa jirani zilikuwa hatua thelathini na moja. Aliwahi kuzihesabu zamani, na sasa alizihesabu tena.

"Hodi, Bi Mwanatumu."

Bi Mwanatumu alikuwa ameketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mkono ulisimama.

"Karibu."

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Hujambo? Eddah yuaendeleaje?"

"Hajambo. Yuko kwa bibi yake." Nereah hakuketi. "Bi Mwanatumu, nimekuja kuuliza. Mume wangu alipokuwa anabeba mchanga wa pwani, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Ulijua ni wa kujengea?"

"Nilijua. Siku ya pili nilijua, nilipomwona na mwiko."

"Na ulijua utafanya nini ukutani?"

Bi Mwanatumu alifuta mikono kwenye leso yake, polepole, kidole kimoja kimoja. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi kwa sifa, lakini wakati ule uso wake haukuwa na mzaha hata kidogo.

"Mke wa mwashi asijue mchanga? Nilijua kila kitu."

"Mbona basi hukusema?"

"Ningesema kwa uso gani?" Sauti yake ilipanda, si kwa hasira. "Alipita hapa kila jioni. Kila jioni nasema leo nitamwita, 'Bwana Johnstone, mwanangu, mchanga huo rudisha.' Akifika, ulimi wanishika. Yamefanywa yaliyofanywa, halafu mimi, mimi niliyewafungia mlango, nimfundishe mtu namna ya kuijenga nyumba yake? Nikaona haya. Nikanyamaza. Naye hakuuliza. Angeuliza ningesema, wallahi."

Kuku alipita kati yao akidonoa machicha ya nazi, wala hakuna aliyemfukuza.

"Nilisikia komeo," Nereah alisema.

"Najua ulisikia. Hata mimi lanilia masikioni mpaka leo. Niliogopa, Nereah. Wale wachomaji walikuwa wamesema atakayewaficha watu wa bara, na nyumba yake itawaka. Nilikuwa na wajukuu watatu ndani." Akaongeza, "Si udhuru. Nakueleza yalivyokuwa."

Nereah aliyapokea maneno hayo kama alivyopokea mashuka kutoka kwa dobi: aliyakunjua, akatazama pande zote mbili, akatafuta tundu. Hakulipata. Mtu alikuwa ameogopa, akafunga mlango. Kisha alikuwa ameona haya, akafunga mdomo. La kwanza Nereah hakuweza kulidai lisiwe. Hata yeye hakujua angefanya nini akiwa na wajukuu watatu nyuma ya mlango. La pili lilikuwa na dawa.

"Bi Mwanatumu, sikuja kudai samahani."

"Nitakupa hata usipodai."

"Nimekuja kuomba kitu kingine. Sisi si wa huku. Tutakosea tena, hatujui hata tusichokijua. Ukituona tunakosea, sema. Hata kama unaona haya. Hata kama utatutukana."

Bi Mwanatumu alichukua tena nusu ya nazi. Kisha kona ya mdomo ikacheza.

"Kuwatukana nitaweza," alisema. "Matusi nimekuwa nikiyaweka tangu Februari."

Jumatatu Johnstone aliomba ruhusa kazini. Bi Mwanatumu alikuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu Agosti ile, akiwa na tindo mbili na nyundo za marehemu mumewe zilizofungwa katika kipande cha gunia. Alisimama katikati ya chumba, akaiona mistari ya penseli, akaisoma moja moja hadi ya mwisho.

"Hii nini? Ramani?"

"Ni mke wangu," Johnstone alisema. "Ukikaa sana karibu yake atakupima na wewe."

"Anipime tu, lakini kiunoni asinipime."

Walibandua. Plasta ilitoka kwa mabamba, ikianguka kwa kishindo laini, na chini yake yalitokea mawe ya matumbawe, na juu ya mawe, weusi wa moto. Ulikuwa umepanda kwa umbo la ulimi hadi kwenye mstari wa paa la zamani. Nereah alikuwa amejiandaa kwa siku ya kuuona. Aliutazama akingojea kitakachokuja. Hakikuja kitu. Masizi yalikuwa masizi. Johnstone ndiye aliyetoka nje, akakaa huko kidogo, akarudi na macho mekundu akasema ni vumbi.

"Ni vumbi," Bi Mwanatumu alikubali. "Vumbi la chumvi ni baya."

Alasiri Nereah aliketi kwenye cherehani akaandika barua kwa mama mkwe. Aliandika kwamba chumba hakijakamilika na hakitakamilika Desemba; kwamba ukuta umebanduliwa wote na utakaa wazi hadi mvua za masika zipite. Aliandika kwamba Eddah aletwe shule zikifungwa. Atalala na wazazi wake chumba cha mbele mpaka mawe yakauke. Alimpa mumewe aisome kabla ya kuifunga.

Johnstone aliisoma mara mbili.

"Lakini ulisema chumba."

"Nilisema."

"Chumba hakipo. Kilikuwepo jana, leo hakipo kabisa."

"Nilikuwa napima ukuta usio wenyewe," Nereah alisema. Alitazama ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa Bi Mwanatumu, akaona maelezo yametosha.

"Kwa hivyo umefurahi?" Johnstone aliuliza kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu waya kwa ncha ya kidole.

"Bado. Kiganja kinaniuma." Alikifungua amwonyeshe. Penye mpini wa nyundo palikuwa pamevimba lengelenge kubwa, lililojaa maji. Alilibonyeza. Liliuma kweli. Alilibonyeza tena.

Jumanne asubuhi, Johnstone alipokwisha kwenda kazini na barua mfukoni, Nereah alifagia vipande vya mwisho. Kimoja kilikuwa na sehemu ya mstari na maneno "5 Julai". Alikitupa pamoja na vingine. Kisha akateka maji kisimani kwao, akaingia na ndoo ya kwanza, na alikuwa ameinua kata ya kwanza juu ya jiwe alipoitwa kutoka upande wa pili wa ua, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Wee Mama Eddah! Ni maji ya kisima chenu hayo? Kisima chenu kina chumvi tangu kuchimbwa, nyinyi mmeizoea tu! Mwaosha chumvi kwa chumvi, nyinyi watu mna akili gani? Njoo uchote kwangu!"

Nereah alishusha kata. Alimwaga ile ndoo nje, mbali na ukuta, akaichukua tupu, akaanza kuzitembea zile hatua thelathini na moja. Ilipofika ya kumi na mbili au kumi na tatu alipoteza hesabu.